Uliza Jina Kabla ya Bei

Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ujerumani na Marekani wana neno wanalolitamka kila siku: mbuna. Ni neno la wavuvi wa Kitonga wa Malawi, jina la wale samaki wadogo wa rangirangi wakaao miambani. Na mwaka 2006, wataalamu Stauffer na Konings walipotafuta jina la jenasi mpya ya samaki wa ziwa letu la Nyasa, ambao madume yao hurundika mchanga kuwavuta majike, waliazima la Kichewa: Mchenga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Sasa ndugu zangu wa Kyela, Matema na Ikombe, yetu yako wapi? Tunaye mbasa, apandaye mitoni kutaga mayai. Ng'ambo, Malawi, ni mpasa. Usipa ni usipa huku na huko, mpaka wa Songwe haukumbadili jina.

Tunalo pia ukwangala. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alilipa neno hili nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1951, Good Company. Ni ile raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Enzi hizo vijana wa rika moja walijenga hata kijiji chao. Utasema ni kupiga soga? Hapana. Soga lina harufu ya uvivu, ukwangala una heshima zake.

Kinyakyusa angalau kina kamusi ya Knut Felberg, ya 1996. Kikisi cha kina mama wafinyanzi wa Ikombe kina wasemaji wachache zaidi. Vyungu vyao vinaposhushwa mitumbwini Lyulilo, sisi wanunuzi tunasema "chungu", tunalipa, tunaondoka.

Mwalimu, wape wanafunzi kazi hii likizo ijayo. Waandike neno, kijiji lilikosikika, na sentensi nzima kama mzee alivyoitamka, bila kuinyoosha iwe Kiswahili. Mwenye simu amrekodi bibi yake, kwa ridhaa yake. Ukivuka Kasumulu kwenda Karonga, waulize Wangonde wao husemaje. Lugha zetu ni za ukoo mmoja. Daftari moja libaki shuleni. Na ukifika Lyulilo, mwulize mama jina la chungu kabla hujauliza bei.