Kila Jumanne Waziri wa Kwanza wa Wales huulizwa maswali. Gavana wako je?

Jumanne saa saba na nusu mchana, bunge la Wales likiwa kwenye vikao, kiongozi wa serikali husimama ukumbini mjini Cardiff na kuanza kuulizwa maswali. Cheo chake ni Waziri wa Kwanza. Kwa muda wa hadi saa nzima anaulizwa kuhusu hospitali, shule, mabasi, nyumba, uchafu wa mito na ajira za viwandani. Akimaliza, anajua kwamba Jumanne ijayo atarudi pale pale na ataulizwa tena. Akiwa na udhuru huwakilishwa na waziri mwingine, lakini kikao hakivunjwi.

Ndugu msomaji, utauliza Wales inatuhusu nini sisi wa Pwani. Inatuhusu kwa sababu nayo inaishi kwa ugatuzi. Ni mojawapo ya nchi nne zinazounda Uingereza, na katika hesabu ya mwaka 2021 ilikuwa na watu milioni 3.1. Pwani yetu yenye kaunti 6 ilihesabiwa watu milioni 4.3 mwaka 2019. Kwa hiyo tunazungumzia eneo lenye watu wachache kuliko sisi, lenye serikali yake ndani ya serikali kubwa, linalopokea sehemu kubwa ya fedha zake kutoka mji mkuu wa mbali, na linalolalamika, kama sisi, kwamba mgao hautoshi.

Ugatuzi huo haukuja kwa urahisi. Mwaka 1979 wapiga kura wa Wales waliukataa, karibu wanne kwa mmoja. Waliulizwa tena Septemba 18, 1997, wakaukubali kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu nchi nzima. Bunge lilianza mwaka 1999 likiwa na wajumbe 60 na mamlaka finyu. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura nyingine, na asilimia 63.5 wakakubali bunge hilo lipewe uwezo kamili wa kutunga sheria katika mambo yaliyogatuliwa. Watu waliokuwa na shaka walianza kuuzoea ugatuzi, na mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba walikuwa wakiwaona viongozi wao wakijibu.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi kueleweka. Majina ya wabunge wanaotaka kuuliza hutolewa kwa kura, na maswali yao huwasilishwa mapema. Viongozi wa vyama vya upinzani wao huuliza bila kutoa taarifa, kwa hiyo Waziri wa Kwanza hana budi kuijua kazi yake. Muulizaji anaweza kutumia Kiwelisi au Kiingereza, na wakalimani wapo. Maneno yote huandikwa na kuchapishwa, na kikao hurushwa moja kwa moja. Jengo lenyewe lilifunguliwa Machi 1, 2006, likiwa na roshani ya vioo ambapo mwananchi hukaa akiwatazama wakubwa kutoka juu. Limejengwa kando ya bandari iliyokuwa ikisafirisha makaa ya mawe, jirani na mtaa wa Tiger Bay walikohamia mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni enzi za meli za moshi. Watu wa bandari ya Mombasa wangejiona nyumbani.

Lakini maswali yana faida gani? Tuangalie mambo matatu.

La kwanza ni kasi ya magari. Septemba 17, 2023, serikali ya Mark Drakeford ilishusha kikomo cha kasi katika barabara nyingi za mitaa kutoka maili 30 kwa saa hadi 20, yaani kama kilomita 32. Hoja yake ilikuwa kuokoa maisha, hasa ya watoto na wazee wanaotembea kwa miguu. Wananchi wengi walikasirika. Ombi la kutaka sheria hiyo ifutwe lilipata saini zaidi ya 460,000, nyingi kuliko ombi lolote lililowahi kufikishwa katika bunge hilo. Drakeford alirudi ukumbini wiki baada ya wiki, akaulizwa, akabezwa, naye akatetea uamuzi wake kwa sababu na kwa takwimu. Alipoondoka madarakani mwaka uliofuata, serikali mpya ilikiri kwamba baadhi ya barabara zilifaa kurudishwa maili 30, ikazipa halmashauri nafasi ya kuzirekebisha, lakini sheria yenyewe haikufutwa. Takwimu zilizofuata zilionyesha majeruhi wamepungua katika barabara hizo. Hapa maswali yalimlazimisha kiongozi kueleza, na yakawalazimisha waliomfuata kusikiliza. Ukiipenda sera hiyo au ukiichukia, hukubaki kukisia kwa nini ililetwa.

La pili ni fedha, na hapa ndipo penye mtego wa kila serikali iliyogatuliwa. Kiongozi akibanwa, huwa na jibu tayari: kosa ni la serikali kuu. Mara nyingine jibu hilo ni la kweli. Mfano ni reli ya kasi ya HS2, iliyopangwa kutoka London kuelekea kaskazini. Reli hiyo haigusi ardhi ya Wales hata hatua moja, ila London iliuorodhesha mradi huo kuwa wa England na Wales. Kwa hiyo Wales haikupata mgao wa fidia, ilhali Scotland na Ireland Kaskazini walipata. Vyama vyote vikubwa mjini Cardiff vililia dhuluma. Hata hivyo, Julai 2024 chama cha Labour kilichokuwa kikitawala Wales kilishinda pia London. Maswali yakabadilika mara moja: sasa wenzako wako madarakani, fedha ziko wapi? Eluned Morgan, aliyeshika uongozi Agosti mwaka huo, hakuwa tena na adui wa chama kingine wa kumnyooshea kidole. Juni 2025 serikali ya London ilitangaza pauni milioni 445 kwa ajili ya reli za Wales. Wapinzani walisema hazifiki kiwango cha haki ya Wales, na huenda wana hoja. Muhimu ni kwamba kisingizio kiliwekwa mezani, kikapimwa hadharani, kikaonekana kilipo na uzito na kilipo kitupu.

La tatu ni uadilifu. Machi 2024 Vaughan Gething alikuwa Waziri wa Kwanza. Alizaliwa Lusaka, Zambia, mama yake Mzambia na baba yake Mwelisi, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi barani Ulaya. Waafrika wengi tulifurahi. Furaha haikudumu. Katika kampeni ya kugombea uongozi wa chama alikuwa amepokea pauni 200,000 kutoka kwa kampuni ambayo mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kwa makosa ya mazingira. Gething alisisitiza kwamba hakuvunja kanuni yoyote. Swali la wapinzani, na la baadhi ya watu wa chama chake, halikuwa la sheria. Waliuliza ni busara gani kupokea fedha hizo. Swali likarudi kila wiki. Juni 5, 2024 alishindwa katika kura ya kutokuwa na imani naye, 29 kwa 27. Kura hiyo haikumlazimisha kuondoka, lakini Julai 16, baada ya wajumbe wanne wa serikali yake kujiuzulu siku moja, alitangaza kwamba anaacha uongozi.

Nisieleweke kwamba Wales ni pepo. Maswali hayatibu wagonjwa. Afya hula zaidi ya nusu ya bajeti ya serikali hiyo, na bado foleni za kusubiri matibabu hospitalini zimekuwa ndefu kwa miaka. Bodi ya afya ya Betsi Cadwaladr, inayohudumia kaskazini mwa nchi, iliwekwa chini ya uangalizi maalumu mwaka 2015, ikatolewa 2020, ikarudishwa Februari 2023. Mawaziri wa Kwanza watatu au wanne wameulizwa kuihusu na wote wamejibu. Tena chama kimoja, Labour, kiliongoza serikali uchaguzi baada ya uchaguzi kuanzia 1999 hadi 2021. Kuna Jumanne ambapo swali ni kejeli na jibu ni porojo. Kujibu ni kitu kimoja, kutenda ni kingine.

Ila pima hali ya pili. Foleni ya hospitali ikiwa ndefu na kiongozi hajibu, mgonjwa ana mizigo miwili: maradhi na ukimya. Na asiyejibu leo hana kumbukumbu ya ahadi ya kumbana nayo kesho. Wales ahadi ya Jumanne imeandikwa. Mpinzani huifungua baada ya miezi sita na kumsomea aliyeitoa.

Turudi kwetu. Katiba ya 2010 ilitupa magavana wanaochaguliwa moja kwa moja na wananchi, wasiokuwa wajumbe wa bunge la kaunti. Gavana hufika bungeni kwa hotuba ya mwaka, husikilizwa, hupigiwa makofi, kisha huondoka. Mawaziri wa kaunti huitwa mbele ya kamati. Seneti huwaita magavana Nairobi kuhojiwa kuhusu hesabu za miaka iliyopita, fedha zikiwa zimeshatumika. Na tukifika mwisho wa uvumilivu, tuna silaha moja kubwa, hoja ya kumtimua gavana, ambayo lazima ipite kwa thuluthi mbili ya wawakilishi wadi kisha iende Seneti. Yaani tuna makofi na tuna panga, katikati hatuna kitu. Wales katikati ndipo palipojaa.

Tusidai kunakili kila kitu. Mfumo wao ni wa waziri anayetoka bungeni, wetu ni wa gavana aliyepewa kura na wananchi. Wako watakaosema gavana hawajibiki kwa wawakilishi wadi bali kwa wapiga kura. Sawa, lakini wapiga kura humuona mara moja katika miaka mitano. Wengine watasema, na hoja hii ina nguvu zaidi, kwamba wawakilishi wadi wetu wengine watayageuza maswali kuwa mtaji: nipe zabuni ninyamaze. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni mwanga. Dili hufanywa nyuma ya pazia. Swali linaloulizwa hewani, redio za hapa kwetu zikilirusha, ni vigumu kuliuza.

Wala hatuhitaji kubadilisha Katiba. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au maelezo. Kifungu cha 183 kinaitaka kamati kuu ya kaunti kutoa ripoti kamili na za mara kwa mara kwa bunge hilo. Kanuni za kudumu huandikwa na mabunge yenyewe. Kinachokosekana ni desturi. Kaunti moja tu ya Pwani ikianza, gavana akakubali kufika mara moja kwa mwezi, saa nzima, kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Kipini na mama muuza samaki wa Gazi wanakielewa, majibu yakaandikwa na kuwekwa wazi, kaunti nyingine zitaona haya kubaki nyuma.

Na maswali yasiwe ya kuvizia wala ya kusifu. Zahanati ya kijiji fulani ilitengewa kiasi gani, kimetoka kiasi gani, dawa zimefika lini? Basari za karo zimepewa nani, kwa orodha ipi? Mkandarasi wa barabara amelipwa asilimia ngapi na amefika wapi? Haya ni maswali ambayo tayari tunaulizana barazani kila jioni baada ya Maghribi, tukijibizana wenyewe kwa wenyewe na hakuna hata mmoja wetu mwenye jibu. Mwenye majibu yuko ofisini.

Uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, watakuja kwenye mitaa yetu na leso na fulana. Kabla hujapokea, muulize mgombea jambo moja: ukishinda, utakuja bungeni kujibu maswali mara ngapi kwa mwaka? Andika jibu lake na tarehe.