Mtihani Usio na Tarehe: Wazazi wa Toronto na Fomu ya Masomo



Leo naomba tuiweke pembeni Dodoma, Unguja na Nairobi kwa muda mfupi. Tumezoea kubishana juu ya katiba, tume ya uchaguzi na nani kamwibia nani kura, na mimi ni mmoja wa wapiga kelele wakubwa, wala sina nia ya kuacha. Lakini kuna jambo linapita majumbani mwetu hapa Toronto, kuanzia Scarborough mpaka Rexdale, hata kwa jirani zetu wa Mississauga na Brampton, ambalo kwangu mimi ni siasa tupu. Watoto wetu wanamaliza sekondari, wanapewa cheti, tunapika pilau na kupiga picha na joho, halafu Septemba inafika na chuo kikuu alichokitaka mtoto hakina habari naye.

Sisemi wamefeli. Wamefaulu, tena wengine kwa alama nzuri. Hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa.

Sisi tuliosomea nyumbani tumelelewa na mtihani. Mtanzania anaujua wa darasa la saba na wa kidato cha nne, Mkenya aliyesoma chini ya 8-4-4 anaijua KCPE na KCSE. Mtihani una tarehe, una msimamizi, na matokeo yake yanatoka nchi nzima kwa mpigo. Hata mzazi asiyejua kusoma anajua ni mwaka gani ampunguzie mtoto kazi za nyumbani na amtafutie tuisheni. Mzazi huyo akifika Canada anausubiri mtihani kama ule. Hauji. Ontario haina mtihani wa mwisho wa sekondari unaoamua nani anakwenda chuo kikuu. Lipo jaribio la kusoma na kuandika, OSSLT, ambalo kawaida hufanywa Gredi 10, na mtoto lazima alipite au asome kozi mbadala ndipo apate cheti. Lakini alama za jaribio hilo hazimpeleki popote.

Cheti chenyewe, OSSD, kina masharti yanayoeleweka. Krediti 30, kila moja ni somo la saa 110. Kwa waliokuwa wameanza Gredi 9 kabla ya Septemba 2024, masomo 18 ni ya lazima na 12 ya kuchagua. Walioanza Septemba 2024 na kuendelea wana 17 ya lazima na 13 ya kuchagua. Saa 40 za kujitolea kwa jamii. Krediti mbili za kusoma kwa intaneti, isipokuwa mzazi ameandika kwamba hataki. Hayo ukiuliza ofisi ya shule utaambiwa, na mtoto atakayeyatimiza atapanda jukwaani kama wenzake.

Balaa ni kwamba cheti na sifa ya kuingia chuo kikuu ni vitu viwili tofauti, na hakuna anayekuja nyumbani kwako kukwambia hivyo.

Chuo kikuu cha Ontario kinaangalia masomo sita ya Gredi 12 yenye herufi U au M mwishoni mwa msimbo wake, yakiwemo yale ambayo fani yenyewe inayadai, na Kiingereza cha U karibu kila mahali. Chukua ripoti ya mwanao uisome. Herufi tatu za mwanzo ni somo, tarakimu ni mwaka (1 ni Gredi 9, 4 ni Gredi 12), na herufi ya mwisho ndiyo njia. ENG4U ni Kiingereza cha kuelekea chuo kikuu. ENG4C ni Kiingereza cha kuelekea college, ambayo hapa ni chuo cha ufundi na taaluma za kati, si neno la jumla kama tunavyolitumia nyumbani. Herufi E ni ya kwenda moja kwa moja kazini. Zote zinahesabika kwenye zile krediti 30. Mtoto anaweza kupata 90 katika ENG4C, mama akatangaza kanisani au msikitini, na alama hiyo isimfungulie mlango wa chuo kikuu hata nusu inchi.

Kibaya zaidi, njia haianzii Gredi 12. Inaanzia Gredi 10, na hapo herufi zinatuchezea sisi wa nyumbani. Hesabu za Gredi 10 za mkondo wa kitaaluma zinaandikwa MPM2D, za mkondo wa vitendo zinaandikwa MFM2P. Mzazi aliyekulia kwenye shule zetu akiona D anaona mtoto anayeburuza mkia, akiona P anadhani amepita. Nimemsikia mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akimsihi mwanawe aachane na hiyo D! Kumbe D ndiyo inayofungua hesabu za Gredi 11 zinazoitwa MCR3U, na hizo ndizo njia ya kawaida ya kufika MHF4U ya Gredi 12, ambayo mtoto anayetaka uhandisi hawezi kuikwepa. Aliyepita MFM2P haingii MCR3U moja kwa moja. Anarudi nyuma kwanza.

Niwape mfano mmoja, jina naliacha. Mama mmoja mwenzetu, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alinipigia simu mwezi wa Mei. Binti yake yuko Gredi 12, wastani wake uko juu ya 80, anataka digrii ya uuguzi. Mama aliuliza ni lini majibu ya chuo yatatoka. Nikaomba anisomee misimbo. Kiingereza C. Hesabu C. Kemia hakuna kabisa. Digrii ya uuguzi inataka Kiingereza, baiolojia na kemia za U, na hesabu. Kemia ya Gredi 12 inadai ya Gredi 11, ya Gredi 11 inadai sayansi ya Gredi 10 ya herufi D, na yeye alisoma ya P. Tukahesabu kwa vidole: si pungufu ya mwaka mzima wa kurudi nyuma. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu, nani aliamua haya, na lini?

Jibu lipo. Aliamua yeye, kwa saini yake, miaka mitatu nyuma, wakati wa baridi, kwenye fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Fomu hiyo huja baada ya mwaka mpya, kati ya Januari na Machi hivi, siku hizi mara nyingi ikiwa kwenye kompyuta. Mtoto anasema, mama bonyeza hapa. Mama ametoka zamu saa moja asubuhi. Anabonyeza. Na kabla ya hapo kulikuwa na mtu shuleni aliyemwambia binti kwamba hesabu za vitendo zitamfaa zaidi, hazina presha, atapata alama nzuri. Alama nzuri alizipata kweli.

Hapa naomba tuongee kama ndugu. Sisi tumefundishwa kwamba mwalimu hapingwi. Ukiitwa shuleni unavaa vizuri, unakaa mbele ya mwalimu, unaitikia "ndiyo mwalimu", unamkanya mtoto hapohapo ili mwalimu aone kwamba malezi yapo. Kwetu hiyo ni heshima. Hapa ukimya wa mzazi unaandikwa kuwa ni kukubali. Mzazi mwingine, yule ambaye baba yake na babu yake walisoma hapahapa, akiambiwa mtoto aende mkondo wa vitendo anauliza kwa nini, anaomba kuona kazi za mtoto, anasema hapana, na mtoto anabaki D. Wala hakugombana na mtu. Na wengi wetu tunamtumia mtoto yuleyule kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Hebu fikiri, mshitakiwa ndiye mkalimani wa kesi yake! Bodi za shule za Toronto zina utaratibu wa wakalimani, omba mapema kwa maandishi.

Kama kuna anayedhani naona kivuli, kuna takwimu. Mwaka 2017 Profesa Carl James wa Chuo Kikuu cha York, pamoja na Tana Turner, walitoa ripoti juu ya wanafunzi Weusi wa Toronto na vitongoji vyake. Kwenye shule za bodi ya TDSB, asilimia 53 ya wanafunzi Weusi walikuwa mkondo wa kitaaluma, dhidi ya asilimia 81 ya Wazungu na 80 ya wanafunzi wa jamii nyingine zisizo za Kizungu. Akili hazigawanywi hivyo na Mwenyezi Mungu.

Wala si habari mpya. Stephen Lewis, yuleyule ambaye Afrika ilikuja kumjua kama mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, aliandika juu ya kusukumwa pembeni kwa wanafunzi Weusi katika ripoti yake kwa serikali ya Bob Rae mwaka 1992. Mwaka 1993 mikondo ikaondolewa Gredi 9. Serikali ya Mike Harris ikairudisha mwaka 1999 kwa majina mapya. Ikaondolewa tena, hesabu Septemba 2021 na masomo mengine Septemba 2022. Kwa hiyo wapo wanaosema mambo yamekwisha. Hayajakwisha, yamesogezwa mwaka mmoja mbele. Gredi 9 wote wanakaa pamoja, herufi yao ni W, na fomu ya Gredi 10 inawangoja palepale.

Najua kuna watakaosema nadharau kazi za mikono, na kwamba fundi umeme wa Toronto anamzidi kipato mwenye digrii anayebeba maboksi. Ni kweli kabisa, na ningefurahi kuona vijana wetu wengi zaidi kwenye ufundi umeme na ufundi bomba. Kijana aliyechagua ufundi baada ya kuonyeshwa milango yote, huyo namvulia kofia. Ninayemlalamikia ni yule aliyechaguliwa akiwa na miaka 14 na mtu aliyemfahamu kwa dakika kumi.

Na nyinyi wa nyumbani msiseme hili ni la watu wa majuu. Kenya imeanza sekondari ya juu ya mtaala mpya Januari 2026, na watoto wa Gredi 9 walichagua njia zao mwaka 2025: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Tanzania, kwa sera ya elimu toleo la 2023, ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali kwenye sekondari, na Machi 2024 tahasusi za kidato cha tano zilitangazwa kuwa 65. Mzazi wa Kwimba au Kilifi sasa anahitaji kujua kile alichokosa kujua mama yule wa Toronto: mlango upi unafungwa mtoto akiingia huu. Muulizeni mwalimu mkuu sasa hivi.

Kwa walio hapa na watoto ambao tayari wako njia nyingine, msikate tamaa. Kuna masomo ya kiangazi na ya usiku. Mtoto ana haki ya kuendelea na sekondari hadi mwaka anaotimiza miaka 21, kwa hiyo asiharakishwe kutoka eti amefikisha krediti 30. Kuna wanaoingia college na kuhamia chuo kikuu baadaye. Chuo Kikuu cha Toronto kina mpango wa mwaka wa mpito, TYP, ulioanza 1970 kwa juhudi za wanaharakati Weusi wa jiji hili, kwa watu wazima ambao hawakupata sifa za kawaida. Angalieni na umri: akitimiza 18, faili lake la shule ni lake, na shule inaweza kukataa kukuonyesha bila idhini yake. Wengi wanafikisha 18 wakiwa Gredi 12, hivyo maswali yaulizwe kabla. Maombi ya chuo kikuu hufungwa katikati ya Januari na ya college huzingatiwa kwa usawa hadi tarehe 1 Februari, yaani mtoto anaomba akiwa bado darasani.

Basi hoja yangu kwa viongozi wa jumuiya zetu ni hii. Kila Desemba tunakodi ukumbi kwa ajili ya Uhuru, tunasikiliza hotuba, tunacheza muziki mpaka usiku wa manane. Nataka ukumbi uleule ukodiwe Jumamosi moja ya Januari, kabla ya fomu kutoka, saa tisa alasiri ili wa zamu za usiku waweze kuja. Ajenda iwe moja. Kila mzazi aje na ripoti ya mtoto, vijana wetu walioko vyuo vikuu wakae mezani wasome misimbo, mmoja baada ya mwingine. Kanuni ya jimbo ya mwaka 2000 inataka wazazi wawe wengi kwenye baraza la kila shule. Siku hiyohiyo tujiandikishe nani anaingia baraza la shule ipi. Mweka hazina akisema fedha hakuna, mimi nitachangia dola 50 za mwanzo na chupa mbili za chai.