BARAZANI KWETU: Miwani ya Baba wa Nyumba

Mwezi huu hatuna habari za safari wala za mavuno. Tuna jambo dogo la nyumbani, nalo twalisimulia kwa haya kidogo, kwa kuwa mwenye kosa ni sisi wenyewe. Twaliwaza kuliandika kana kwamba lilimpata jirani, walakini mama watoto alipousoma mwanzo wa karatasi alicheka hata akaketi chini, akauliza, "Jirani gani huyo?" Basi twasema kweli.

Katika nyumba yetu hapa Muheza desturi ni moja tangu siku za marehemu baba. Jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, watu wote huketi sebuleni, na baba wa nyumba hufungua Biblia akasoma sura moja au nusu yake. Kisha sala, kisha watu kwenda kulala. Biblia yenyewe ni ile ile ya marehemu, ya tafsiri iliyotoka mwaka wa 1952, iliyotengenezwa ili watu waliozoea Kimvita na watu waliozoea Kiunguja wapate kusoma kitabu kimoja. Jalada lake limeshonwa mara mbili kwa uzi wa magunia, na herufi zake ni ndogo kama mbegu za mchicha. Zamani hatukuziona kuwa ndogo.

Yapata miaka mitatu sasa tangu herufi zile zianze kutukimbia. Kwanza twaliilaumu taa. Tukanunua globu yenye mwanga mkubwa, kisha nyingine iliyoipita hiyo, hata mama watoto akataka kujua kwa nini yuniti za umeme zaisha kabla ya unga. Tukamjibu ya kuwa nuru ni kitu chema. (Wala hatukukosa kabisa, maana nuru ikiwa nyingi mboni ya jicho hujibana, na tundu likiwa dogo maandishi hupata makali. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Siku ile twalisema tu.) Kisha tukaanza kukiweka kitabu mbali na uso, kila mwezi mbali zaidi, hata mkono ukaisha. Mwenye mkono mrefu kuliko wetu angalipata mwaka mmoja wa nyongeza.

Ndipo tulipoingia katika hila. Ziko zaburi na mifano tuliyoishika kwa moyo tangu utoto, siku tulizokuwa tukifundishwa kabla ya kipaimara. Basi jioni twalifungua kitabu popote, tukautazama ukurasa kwa uso wa mtu asomaye, tukayatoa maneno kichwani. Hata kurasa twalizigeuza kwa wakati wake. Hakuna aliyenena neno, nasi tukadhani hakuna aliyejua.

Shida ni kwamba akiba ya kichwani haikuwa nyingi. Zaburi ya 23 ilirudi kila Jumatatu kama mtoza ushuru. Ya 121 ilifuata Jumatano. Na yule Mpanzi alipanda mbegu zake mara tatu katika mwezi mmoja, masika na kiangazi. Mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, naye hukaa juu ya kigoda karibu na mlango, alituuliza siku moja kwa upole, "Mwanangu, Biblia hii imepunguzwa?" Tukamjibu ya kuwa neno jema halichoshi. Akaitikia, "Haya, baba," kama waitikiavyo wazee wasiposadiki.

Hapa yatupasa kutaja jambo la pili, ambalo siku zile hatukuliona kuwa lahusiana na la kwanza. Kuchambua mchele kulikuwa kazi ya Bibi tangu alipohamia kwetu. Hukaa na ungo magotini chini ya mwembe, na changarawe hazikupita mbele yake. Lakini kuanzia mwaka juzi wali wetu ulianza kuwa na mawe. Mtoto mmoja alivunjika kipande cha jino. Mama watoto akavumilia, akavumilia, kisha asubuhi moja akauchukua ungo magotini pa Bibi pasipo neno, akaenda kuchambua mwenyewe jikoni. Bibi naye hakusema kitu. Ila tangu siku ile hakukaa tena chini ya mwembe, na kila mara alipopewa chakula alisema ameshiba. Mama watoto akaona mkwewe anamsusa. Bibi akaona amefanywa mzigo. Na sisi, tuliokuwa katikati yao, tukaona ni maneno ya wanawake, tukatoka kwenda kutazama mbuzi.

Basi kisa kilikuwa hivi. Kitinda mimba wetu, binti wa miaka kumi na mitatu, aliomba ruhusa kwa mama yake afuatishe masomo ya jioni katika simu, kwa kuwa simu ile ina Biblia nzima ndani yake, tena ya tafsiri mpya zaidi. Sisi hatukuulizwa. Jioni hiyo twalitaka kuwapumzisha watu na Zaburi ya 23, tukachagua mfano wa yule mwanamke aliyepotewa na fedha, akawasha taa akafagia nyumba. Tukafungua kitabu, tukakitazama kwa uso ule ule, tukaanza. Mara mtoto akainua mkono kama yuko darasani.

"Baba, samahani. Hapa pameandikwa sarafu."

Tukamwambia kwa sauti ya baba wa nyumba ya kuwa si sarafu, ni shilingi. Ndivyo babu yake alivyosoma, ndivyo kilivyo kitabu hiki. Na kwa neno hilo tulikuwa na haki, kwa maana tafsiri mbili zaweza kuita fedha moja kwa majina mawili, na Kiyunani chenyewe kilisema drakma. Laiti tungeliishia hapo!

"Ndiyo, Baba," akasema, "lakini hapa zilikuwa kumi. Baba umesema mia."

Wasomaji, tulikuwa tumechukua hesabu ya kondoo tukampa mwanamke maskini. Kimya kikaingia. Watoto wakaangaliana. Kisha kutoka kigodani pa mlangoni ikatoka sauti ya Bibi: "Mwenye shilingi mia na afagia nyumba usiku kwa ajili ya moja! Kumbe alikuwa bahili."

Hatutaki kusimulia yote yaliyofuata. Itoshe kusema ya kuwa simu ilifungiwa kabatini, sala haikusaliwa, na watu walilala mapema. Usiku mama watoto alitwambia gizani ya kuwa watoto walikuwa wakijua tangu Pasaka ya mwaka uliopita, naye alijua kabla yao. Tukamwuliza kwa nini basi hakusema. Akajibu, "Tulikuwa tukikungoja uchoke."

Asubuhi akatupa shauri. Twende hospitali kwa daktari wa macho, na kama twaona haya, tumchukue Bibi, ili watu wakituona kwenye foleni wadhani mgonjwa ni yeye. Shauri hilo lilitupendeza mno. Ndivyo tulivyokwenda, mtu mzima amejificha nyuma ya khanga ya mama yake.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kuamkia vizuri. Alitueleza ya kuwa ndani ya jicho mna lenzi laini, nayo hujikunja na kujinyosha ili tuone cha karibu na cha mbali. Mtu akipita miaka arobaini lenzi hiyo huwa ngumu kidogo kidogo, kama mpira wa manati uliokaa juani, isiweze tena kujikunja kwa cha karibu. Huwapata watu wote, asomaye na asiyesoma, aliye mwema na aliye mwovu. Hakuna dawa ya kunywa. Miwani yatosha. Akatupimia yetu, namba 2.50, tukaivaa, na herufi zote zilizokuwa zimetoroka zikarudi mahali pake kama kuku wakati wa magharibi.

Tumesoma tangu hapo habari za miwani, kwa kuwa sasa twaweza kusoma. Mtawa mmoja wa Kidominiko, Giordano wa Pisa, alihubiri huko Florence mwaka wa 1306, akawaambia watu ya kuwa ufundi wa kutengeneza miwani haujatimiza miaka ishirini tangu uvumbuliwe, nao ni katika ufundi ulio bora duniani. Na mwaka wa 1352 mchoraji Tommaso da Modena alichora ukutani, katika mji wa Treviso, kardinali mmoja akiandika huku amevaa miwani. Walakini kardinali yule alikuwa amekufa mwaka wa 1263, kabla miwani haijakuwapo. Twampenda mchoraji huyo. Aliona huruma, akampa mzee miwani hata kama ni baada ya kufa. Tena, mwaka wa 2018 ilitangazwa habari ya wachuma chai wa Assam katika India, watu wa miaka arobaini na kuendelea: waliopewa miwani ya karibu, kazi yao ya mikono iliongezeka kuliko ya wenzao kwa zaidi ya asilimia 20. Wachuma chai wa hapo juu yetu Amani, ikiwa gazeti hili lawafikia, na walisome jambo hilo mara mbili, mkono ukiwa bado unatosha.

Lakini turudi hospitalini. Daktari alipokwisha nasi akamgeukia Bibi kwa adabu tu, kwa kuwa alikuwa ameketi pale. Akamulika jicho moja, akamulika la pili, akanyamaza. Kisha akasema Bibi ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na la kulia limekomaa. Akamwuliza ni muda gani haoni vizuri. Bibi akasema miaka mitatu, labda minne. Nyuso aziona kama zilizo nyuma ya chandarua, na vitu vidogo havioni kabisa.

"Mama, mbona hukumwambia mwanao?"

Bibi akasema, "Nilidhani ndio uzee. Tena mwanangu mwenyewe alikuwa haoni, wala hasemi. Nikafikiri ndiyo desturi ya nyumba."

Hatukuwa na jibu, wala hatuna hata leo. Njiani, katika basi, twaliukumbuka ungo. Tulikuwa tumejua muda wote jinsi kitu kidogo kinavyompotea mtu machoni pake, changarawe na herufi ni mamoja, nasi hatukufungua kinywa, kwa kuwa kumtetea Bibi kungelikuwa kujitaja sisi. Tulipofika tulimweleza mama watoto. Alikuwa akikoroga uji. Aliendelea kukoroga muda mrefu kupita uliohitajiwa na uji, kisha akaepua chungu, akaenda chumbani kwa Bibi akafunga mlango. Waliyosemezana hatukuyasikia, wala hatukustahili kuyasikia.

Bibi akapasuliwa jicho la kulia baada ya wiki tatu. Kazi yenyewe haikufika nusu saa, kwa dawa ya ganzi, naye macho. Alisema alisikia daktari akizungumza na mwenzake habari za mpira. Hutolewa lenzi iliyoingia ukungu, ikawekwa nyingine ya kutengenezwa. Aliyeanza kuiweka ni Harold Ridley, tabibu wa London, mnamo Novemba 1949. Wakati wa vita alikuwa ameona ya kuwa vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, vikiingia katika macho ya marubani, vyaweza kukaa humo bila kuyaozesha. Wakubwa wengi wa kazi hiyo walimpinga miaka mingi. Twaandika haya kwa ajili ya wazee waliotuambia ya kuwa jicho likikatwa limekwisha, wasimamishe kwanza maneno hayo hata wamwone Bibi.

Bendeji ikaondolewa siku ya pili. Bibi akatutazama muda. Tulitazamia labda atalia, au atashukuru. Akasema, "Umezeeka, mwanangu. Na shati hili ni la kazi au la kuja hospitali?" Alipofika nyumbani akainua macho darini akaona buibui waliokaa kwa amani muda wote ule, akaomba ufagio kabla ya chai. Mama watoto akamletea, wakacheka pamoja, jambo ambalo hatukulisikia katika nyumba hii tangu habari ya ungo.

Sasa masomo ya jioni husomwa kwa zamu. Twakiri ya kuwa Jumatatu ya kwanza, alipokaa kitinda mimba katika kiti cha marehemu babu yake, na simu mkononi, koo letu lilikaza. Kiti kile twalidhani kitaachwa na sisi kwa kufa tu. Alisoma vizuri. Alifika mahali pa majina magumu akasita, akatutazama, nasi tukamsaidia majina mawili. La tatu hatukulijua.

Limebaki neno moja. Daktari alitwambia, nasi hatukusikiliza sana, ya kuwa lenzi ya kuwekwa haijikunji, hivyo Bibi aona mbali kama mwewe, lakini kwa vitu vya karibu ataka miwani. Amekataa kununuliwa yake, asema ni kupoteza fedha maadamu iko moja nyumbani. Ungo umerudi chini ya mwembe, mama watoto upande huu na Bibi upande ule, na miwani yetu i juu ya pua ya Bibi. Jana ilikuwa zamu yetu ya kusoma. Tuliitafuta mezani, kabatini na chini ya mto, watu wote wamekwisha kuketi wakingoja, hata kitinda mimba akatoka na taa akarudi nayo kutoka jikoni, imejaa chenga za mchele.