Rubela: Deni la chanjo wanalolipa watoto ambao hawajazaliwa

HABARI za kuonekana kwa dhahabu katika eneo jipya zinapoenea Geita au Kahama, familia nzima huweza kufungasha virago kwa siku moja. Sufuria, magodoro na watoto hupakiwa kwenye pikipiki au lori, na safari ya kuelekea machimbo mapya huanza. Kinachosahaulika kwa urahisi ni kadi ya kliniki ya mtoto, na pamoja nayo tarehe ya chanjo inayofuata.

Kwa wengi, kusahau huko ni jambo dogo. Lakini kwa ugonjwa wa rubela, tarehe hiyo moja inaweza kuamua iwapo mtoto atakayezaliwa miaka 20 baadaye ataona na kusikia.

Rubela ni ugonjwa wa virusi unaofanana na surua, ingawa ni mwepesi zaidi. Mtoto hupata homa ndogo, vipele na uvimbe wa tezi za shingoni na nyuma ya masikio, kisha hupona baada ya siku chache. Kati ya robo na nusu ya wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote.

Hatari yake kubwa humwangukia ambaye bado hajazaliwa. Mwanamke asiye na kinga anapoambukizwa katika wiki 12 za mwanzo za ujauzito, uwezekano wa mtoto kupata madhara unaweza kufikia asilimia 90. Huo ndio wakati macho, masikio na moyo wa mtoto vinapoumbwa, na wanawake wengi huwa hawajahudhuria kliniki hata mara moja. Wengine huwa hawajajua kama ni wajawazito.

Uziwi ndio madhara yanayoonekana zaidi. Hufuatiwa na kasoro za moyo na mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe ndani ya mboni, na wapo watoto wanaopata yote kwa pamoja. Uhusiano huo ulibainishwa mwaka 1941 na daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, baada ya kuona vichanga wengi wenye mtoto wa jicho ambao mama zao waliugua rubela wakiwa wajawazito. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha takriban watoto 20,000 wenye madhara hayo, na zaidi ya nusu yao walikuwa viziwi.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela Oktoba 2014, kwa kampeni ya nchi nzima iliyolenga watoto wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Tangu hapo chanjo hiyo hutolewa kwa utaratibu wa kawaida, dozi ya kwanza katika miezi 9 na ya pili katika miezi 18. Kampeni nyingine za watoto wa chini ya miaka mitano zilifanyika mwaka 2019 na 2024.

Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo, chanjo ya rubela ina sharti ambalo halizungumzwi sana: ikiwafikia watoto nusunusu kwa miaka mingi, inaweza kuhamisha hatari badala ya kuiondoa.

Kabla ya chanjo, wasichana wengi wa Kanda ya Ziwa waliugua rubela utotoni na kubaki na kinga ya kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 miongoni mwa wajawazito jijini Mwanza ulionyesha kuwa zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa na kinga hiyo. Aliyekuwa hatarini ni yule mmoja aliyebaki.

Chanjo inapopunguza virusi mitaani, msichana aliyeikosa huweza kukua bila kukutana na ugonjwa huo. Huingia umri wa kuzaa akiwa hana kinga ya chanjo wala ya kuugua. Ugiriki ilijifunza hilo kwa uchungu. Baada ya miaka mingi ya chanjo iliyofikia watoto wachache, mlipuko wa mwaka 1993 uliacha watoto 25 waliothibitishwa kuzaliwa na madhara ya rubela.

Hapo ndipo machimbo yanapoingia katika hesabu hii. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, ina makazi ya kudumu kuizunguka. Wachimbaji wadogo wa maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo huishi maisha mengine. Huhama kufuata maduara yenye mali, na pamoja nao huhama mama lishe, wafanyabiashara na watoto wa wote hao.

Dozi ya miezi 9 mtoto huweza kuipata kijijini alikozaliwa. Ile ya miezi 18 humkuta kwingine, ambako muuguzi hana jina lake katika daftari. Hata kitaifa, dozi ya pili hufikia watoto wachache kuliko ya kwanza. Aidha, kambi yenye msongamano ni mahali ambapo virusi vya kikohozi na chafya husambaa kwa urahisi.

Deni hilo limekwisha kuanza kudaiwa. Msichana aliyekuwa na miaka 10 wakati wa kampeni ya 2014 na akaikosa, sasa amevuka miaka 20, na pengine ana ujauzito.

Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa na madhara, adui ni kuchelewa. Mtoto wa jicho anahitaji upasuaji katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa ubongo usiopokea picha mapema hupoteza uwezo wa kujifunza kuona. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu watoto waliofikishwa KCMC, Moshi, ulionyesha kuwa ucheleweshaji huhesabiwa kwa miezi na miaka. Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefupisha safari kutoka Geita hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Lakini daraja haliwezi kufupisha muda ambao mboni nyeupe inatazamwa nyumbani bila mtu kushtuka.

Uziwi hujificha zaidi. Mtoto huonekana mzima, hucheka na kutambaa, hadi anapofikisha miaka miwili au mitatu bila kutamka neno, na hata hapo huambiwa kuwa amechelewa tu kusema. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini huduma hiyo humfaa zaidi mtoto anayegunduliwa mapema. Kwa wengi, njia iliyopo ni lugha ya alama na shule chache zenye walimu wake, kama Buhangija mjini Shinyanga, inayopokea wasioona, viziwi na wenye ualbino.

Yanayohitajika si mageni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kukagua kadi machimboni bila kujali mtoto ametoka wilaya gani, na zahanati zimchanje aliyepoteza kadi badala ya kumrudisha. Wasichana wanaofikiwa kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, wanaweza kukaguliwa kinga ya rubela siku hiyohiyo. Hilo lifanyike kabla ya umri wa kuzaa, kwani chanjo ya rubela haitolewi kwa mjamzito. Na kila kichanga aangaliwe mboni kwa mwanga wa tochi anapoletwa kliniki.

Wasichana wa kwanza waliozaliwa chini ya utaratibu wa chanjo hii watatimiza miaka 18 mwaka 2032. Muda wa kuwatafuta waliokosa dozi bado upo, lakini hupungua kila familia inapohamia machimbo mapya na kadi ya kliniki ikabaki nyuma.