Waandishi wa pori letu na mfuko wa makala



Wale waliobaki sokoni Jumamosi iliyopita wameniomba nieleze yaliyopita kwenye siku ya vitabu ya kartiye yetu. Mwaka huu kamati ilitaka kuheshimu waandishi wa pori, ziwa na wanyama wa kwetu. Orodha ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa karibu yote ya Wazungu. Dian Fossey alikuwemo, na kwa haki, maana wengi husahau kwamba alianza kazi yake ya sokwe mwaka 1967 upande wetu huu wa Kongo, kule Kabara, mbele ya kwenda Rwanda. Lakini niliuliza: na sisi? Baba mmoja wa kamati akanijibu kwa upole: «Mwalimu, sisi hatukuandika.»

Hapo ndipo nikaomba nafasi ya Rureke.

Rureke alikuwa Mnyanga wa Walikale. Mwaka 1956 alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, huku wengine wakiandika. Kazi hiyo ilitolewa kitabu Marekani mwaka 1969, na majina mawili yako juu yake: Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Ndani mna Kinyanga na Kiingereza. Yaani mtoto wa Bukavu anayesoma Kifaransa hawezi kukifungua bila msaada, na hadithi ni ya nyuma ya mlima wake.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano waliigiza sehemu ya mwisho. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa pori, anatuma Watwa kuwinda, na joka Kirimu linawameza. Mwindo analiua. Kumbe joka lile ni rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo mpaka juu mbinguni, na huko anakaa mwaka mzima, akipigwa na mvua na kuchomwa na jua, akikatazwa kuua tena mnyama wowote. Msichana aliyecheza Nkuba alipiga bati kwa nguvu mpaka watoto wadogo wakakimbilia mapaja ya mama zao. (Wamama walicheka zaidi mwanzoni, waliposikia kwamba baba ya Mwindo aliamuru wake zake wote wazae wasichana tu, juu ya mahari. Na kwamba aliyemsaidia mtoto yule ni shangazi yake, Iyangura.)

Nilipomaliza kusema kwamba wazee wetu waliweka sheria ya pori mbele ya mbuga ya Kahuzi-Biega kuundwa mwaka 1970, mama mmoja alisimama nyuma. Anauza makala. Alisema: «Mwalimu, Mwindo alikuwa mtoto wa mwami. Aliporudi toka mbinguni alikuta chakula nyumbani. Mimi nikiacha makala, nani atalipa minervali ya huyu uliyemvalisha radi?»

Msichana wa bati ni wa kwake.

Ukumbi ulinyamaza. Sikuwa na jibu, na sitajifanya leo kwamba nimelipata. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewasha babula yangu kwa makala, pengine yametoka kwenye mfuko wake. Baba wa kamati alianza kuzungumza juu ya babula za udongo zinazokula makala kidogo. Ni kweli zinasaidia, ninayo moja. Lakini mama hakuuliza namna ya kupika.

Kilichofuata hakikuwa kwenye programu. Nyanya mmoja alimwuliza, kwa Kitembo, anakata miti gani. Yule mama akajibu kwamba yeye hakati, ananunua, lakini anaijua yote, maana alizaliwa upande wa Bunyakiri na baba yake alikuwa mwindaji. Akaanza kutaja: mti huu makala yake yanakaa sana, huu unatoa moshi, huu haukatwi kwa sababu maganda yake ni dawa ya tumbo la mtoto, huu nyuki wanaupenda. Nikampa mwanafunzi chaki. Walipofika 14, ubao ulikuwa umejaa. Aliyashika mawili akasema: haya sijayaona tangu nilipokuwa msichana.

Tuzo la karatasi lililoandikwa jina la Rureke bado liko mezani kwangu, hakuna ndugu yake wa kulipokea. Orodha ya miti nimeinakili kwenye daftari. Mama alikataa nisiandike jina lake juu yake. Alisema watu wa mbuga wanaweza kumfikiria vibaya. Nimemsikiliza.

Alhamisi kwenye mkutano wetu nitakuja na daftari hilo. Mwenye majina kwa Mashi, Kirega, Kihavu au Kinyanga ayalete, hata kama ni mti mmoja. Na tuweke kwenye ajenda ile habari ya minervali, maana iliulizwa mbele ya watu wote.

Mwalimu wenu