Mchuzi wa jana si wa Popi

Siku hizi wapenzi wakihamia kwao Bunju au Chamazi, mapazia hayajatundikwa, mbwa kashaletwa. Ataitwa Simba au Popi, kazi yake ulinzi, na msosi wake ni dona na dagaa, juu yake unamwagiwa mchuzi uliobaki usiku. Huo mchuzi ndio nataka tuuongelee.

Sisi mchuzi bila kitunguu si mchuzi. Lakini kwa mbwa kitunguu ni sumu: kinaharibu chembe nyekundu za damu. Na usijidanganye kwamba kimeshaiva. Kibichi, cha kukaanga, cha unga, yote yale yale, na kitunguu saumu ndio kikali zaidi. Mbwa akila zaidi ya gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja, anaweza kudhurika. Popi wa kilo 15 ni gramu 75 tu, yaani kitunguu kimoja, tena si kikubwa. Na akipewa kidogo kidogo kila siku, madhara yanajikusanya.

Ubaya hauonekani siku hiyo hiyo. Zinapita siku kadhaa, ndipo mbwa analegea, fizi zinapauka, mkojo unageuka mwekundu au kahawia. Hapo baba anamshuku jirani kwamba katega sumu, mama anamshuku dada wa kazi, nyumba nzima mnanuniana. Kumbe sufuria lenu wenyewe!

Haya, sasa ale nini? Mpe karoti, ila ikate vipande vidogo asije akapaliwa. Tango nalo safi sana kwa joto letu la Februari. Boga na viazi vitamu vichemshwe, bila chumvi, bila nazi. Maharage machanga yale ya kijani ruksa. Kabichi kidogo tu, la sivyo jioni barazani hapakaliki kwa harufu, ohoo! Yote haya ni ya kuonja: yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Dagaa wake wabaki pale pale.

Muhogo mbichi hapana, una sianidi. Kiazi mviringo kilichoota rangi ya kijani nacho kitupwe. Halafu kuna huu mtindo wetu wa kutafuna hindi la kuchoma getini, kisha gunzi tunamrushia mbwa. Gunzi si sumu, ila linaweza kuziba utumbo, na hapo ni kisu cha daktari tu. Kokwa la embe vivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba nyie wawili saa kumi na moja alfajiri mko barabarani mnawahi foleni, anayemlisha Popi ni dada. Muelezeni yeye, tena kwa upole, si kwa kumkaripia. Njia rahisi: chakula cha mbwa kichotwe kabla mboga haijaungwa.

Na kama keshakula kitunguu, habari za kumnywesha maziwa achaneni nazo, si dawa. Mpigieni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, mumwambie mbwa ana kilo ngapi, kala kiasi gani na saa ngapi. Watu wa Temeke nyie hata hamna kisingizio, kituo cha daladala chenyewe kinaitwa Vetenari!