Zege Peke Yake Halitawalinda Wajukuu

Mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga nchini Kongo, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Kuelekea uhuru wa 1960, Wabelgiji waliuziba kwa zege. Haikupita miaka 50. Kufikia 2004 maelfu ya wachimbaji walikuwa wamerudi pale kutafuta kobalti. Januari mwaka huo rais alipiga marufuku uchimbaji. Julai mgodi ukaporomoka na kuua watu wanane. Mwenye njaa hazuiwi na zege wala amri.

Sehemu kubwa ya urani ya mgodi huo huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Kwa hatari ya muda mrefu namna hiyo, Finland imechimba hifadhi ya Onkalo mwambani, zaidi ya mita 400 kwenda chini, ili taka zake za nyuklia zikae humo miaka 100,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini nani atawaeleza watakaozaliwa huko mbele kwa nini wasipachimbue?

Sisi wa Goma tuna la kusema hapa. Kwetu Keshero kuna mazuku, hewa ya kabonidioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haina rangi wala harufu, na inaua. Alfajiri moja mama mkwe wangu aliwapeleka wanangu hadi ukingoni mwa shimo lililo kati ya makoro ya lava, akawaonyesha mijusi na kuku waliokufa chini kule. "Mbuzi asishuke hapa kabla jua halijapanda," akawaambia. Pale hapana kibao, ila kila mtoto wa mtaani anapajua. Vita vilipowaleta wakimbizi kambini Bulengo, walijenga vibanda karibu na mazuku, kwa kuwa hawakuwahi kusimuliwa hatari ambayo wenyeji waliijua.

Onyo linakaa kwa watu, na lazima lirudiwe kila kizazi. Kwa hiyo Shinkolobwe ifundishwe katika shule zote za Kongo: iko wapi, ilifanya nini, na kwa nini isichimbwe ovyo. Serikali iwatafutie vijana wa kule kazi nyingine. Ubelgiji na Marekani, zilizonufaika na urani ile, zichangie gharama za kupalinda.

Nawe mwalimu unayesoma haya, usingoje wizara. Wasimulie wanafunzi wako wiki hii, uwaagize wakawasimulie wadogo zao.